Ngoma Iliyopigwa Msasa

Mzee Sindayigaya alikimbia vita Burundi na ngoma kichwani. Watoto walitembea wenyewe. Ngoma nyingine za kilima chao, yaani kijiji chao, zilichomwa moto, ikabaki hiyo moja. Miaka yote ambayo amekuwa jirani yangu hapa Bugarama, upande wa Tanzania, ameiweka chumbani kwake, anaipaka samli, na hakuna mwanamke anayeigusa. Alitaka irudi kwao kabla hajafa. Basi.

Mwezi wa sita akaja Anneth, mtafiti wa chuo anayefuatilia vitu vya mila vilivyoharibiwa vitani na vilivyookolewa. Aliitazama ngoma, akasema atatafuta picha za zamani zilizopigwa na mapadri kilimani kwao. Alama za ngoma zikilingana na za pichani, watu wa kilima wataamini ni yao, wataipokea.

Siku ya Jumanne akarudi. Nilimleta kwa pikipiki yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Picha umeipata?"

"Nimeipata. Ngoma ya pichani kitako kina chale tatu, na ubavu mmoja una alama ya zamani ya kuungua, kama hii yako."

Bukuru, mwanawe mkubwa, akaitoa ngoma huku anacheka na kuifuta kwa kitambaa. Iling'aa kama kabati jipya. Alikuwa amemwambia baba yake anaipeleka mjini kukazwa ngozi, kumbe fundi kabati ameipiga msasa mpaka mti ukawa mweupe, akapaka na vanishi.

"Ningemwonyeshaje mgeni kitu cha masizi?" akasema. "Wangesema sisi wakimbizi wachafu."

Anneth hakuigusa. Aliniomba niigeuze. Kitako kilikuwa laini kama sahani.

"Chale ziko wapi, kaka?"

"Ile mikwaruzo? Fundi alihangaika nayo kweli."

Bukuru si mtu mbaya. Ni mjinga tu, na mimi ningeweza kufanya ujinga huohuo.

Mzee haoni vizuri siku hizi. Alisogea, akapitisha vidole kwenye kitako, akarudia tena taratibu.

"Mwezi wa sita niliziona, mzee," Anneth akasema. "Nitawaeleza. Ila ulinikataza kupiga picha mpaka ukoo ukubali."

"Watakuamini?"

"Sidhani."

Mzee akajifuta vidole kwenye shati.

"Bila chale si ya kwetu tena. Basi andika kwenye orodha yako imeungua vitani pamoja na zile nyingine."

"Lakini haijaungua, mzee."

"Andika, mwanangu."

Akaandika. Bukuru alikuwa amesimama mlangoni, bado ameshika kitambaa cha kuifutia vumbi.