Faili Moja, Madirisha Matatu

Watu wa Yamumbi waliomba kisima mpaka midomo ikawakauka, na aliyeomba kuwashinda wote ni Nyakio, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama. Kila alfajiri aliteremka mtoni, akapanda na mtungi mgongoni, ukanda ukimkata paji la uso. Mwaka huo mgongo ulikataa kabisa. Kisima kisipopatikana, angeacha shamba lake ahamie kwa dada yake kule mji wa Moi's Bridge, na shamba hilo alilipata kwa jasho.

Ofisi ya miradi mjini Eldoret ilikuwa na madirisha matatu. La kwanza lilikuwa la Kiarie, mpimaji. La pili Akello, wa mabomba. La tatu Thuo, wa kupeleka ripoti kwa wakubwa. Faili ya mradi ilianzia la kwanza, ikaishia la tatu, na ilikuwa mwiko kufunguliwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ilitembea kama kinyonga, sikatai, lakini ilikuwa moja.

Basi ikaja habari kwamba mheshimiwa fulani kutoka Nairobi atafungua kisima cha Yamumbi baada ya wiki sita. Kisima kipi, jamani? Bwana Wepukhulu, mkuu wa ofisi, jasho likamtoka. Akaamuru faili itolewe nakala tatu, kila dirisha lifungue yake, kazi iende kwa mpigo mmoja.

"Mshika mawili moja humponyoka, bosi," akasema Benta, mtunza mafaili. "Sembuse matatu?"

"Benta, unapinga maendeleo?"

Miaka ile swali kama hilo lilifunga midomo mikubwa kuliko wa Benta. Akaenda kutoa nakala.

Kiarie alikwenda Yamumbi, akaona pale kanisani palipopangwa kisima ni mwamba mtupu. Akapigilia kigingi chini kidogo, bondeni, akamwonyesha Nyakio, akaandika hivyo kwenye nakala yake. Nakala ya Akello bado ilisema kanisani, kwa hiyo Akello akaweka mfereji wa kufungulia maji kanisani na kipande cha bomba. Kisha kila mmoja akakaa akimngoja mwenzake.

Thuo hakumngoja mtu. Ripoti ilitakiwa kila Ijumaa, na ole wake ambaye ripoti yake haisongi mbele. Asilimia ishirini. Hamsini. Themanini. Wiki ya sita: kimekamilika. Na Yamumbi alikuwa hajaikanyaga hata kwa bahati mbaya!

Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: nakala zikigongana, yenye mhuri wa mwisho ndiyo faili. Benta akahifadhi ya Thuo. Zile nyingine ziliishia kuwashia jiko la chai.

Siku ya sherehe, Yusuf mwenye lori aliletwa na tangi lake la maji, likafichwa nyuma ya hema na kuunganishwa na mfereji. Mheshimiwa akafungua, maji yakatoka, kina mama wakaamriwa vigelegele. Nyakio alipiga vyake huku machozi yakimtoka kwa hasira. Jioni Yusuf akaondoka na tangi lake.

Jumatatu Nyakio alikuwa dirishani. "Nimekuja kuulizia kisima."

"Mama, Yamumbi mna kisima," Thuo akasema bila kuinua macho. "Mheshimiwa mwenyewe alikifungua. Ama unataka kusema alidanganya?"

Nyakio alitazama beji ya chama kifuani mwa Thuo. Akakumbuka mgongo wake, akakumbuka shamba, na akili ikamjia.

"Mimi? Hata! Kilifunguliwa vizuri sana," akasema. "Tatizo ni kwamba kimeharibika."

Thuo alichangamka. Mradi uliokamilika ukiharibika hauhitaji mpimaji wala kungojana. Barua moja, mhuri mmoja, fundi mmoja. Kesho yake Kimeli, fundi kutoka mtaa wa Huruma, alifika Yamumbi na vijana wake wawili na barua isemayo: rekebisheni mpaka maji yatoke.

Kimeli alifukua bomba kanisani. Lilikuwa na urefu wa mkono, kisha udongo.

"Mama, kisima chenyewe kiko wapi?"

Nyakio akampeleka mpaka kwenye kigingi cha Kiarie. "Hiki hapa. Ndicho kilichoharibika."

Kimeli aliangalia nyasi, akaangalia barua, akaangalia mhuri. Akavua koti.

Walichimba wiki tatu. Maji yalipobubujika, Nyakio alipiga vigelegele ambavyo hakuamriwa na mtu, akakaa chini kwenye matope na kulia kama mtoto.

Ijumaa Thuo alifika Yamumbi kwa mara ya kwanza, na fomu mkononi. Alilitazama rundo la udongo mpya kando ya kisima, halafu akatoa kalamu.

"Kisima kiliharibika kwa sababu gani, mama?"

"Kiliingia udongo."

"Kiasi gani?"

"Futi arobaini," akasema Nyakio.

Thuo akaandika, akapiga mhuri.