Penye Alama za Meno

Luding alipofungua tu mlango wa nyumba ya Baby Villalobos, harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, kitunguu saumu kupita kiasi, siki, na chini ya hivyo vyote kitu kitamutamu kilichochacha ambacho siki haijawahi kukiweza. Miaka arobaini na minne hajainusa harufu ile, na aliitambua kabla hajavua viatu.

"Karibu, karibu, shosti!" Baby akamkumbatia. Alikuwa amevaa gunia. Ndiyo, gunia la mchele, limetobolewa matundu ya mikono, na shingoni lulu zake hajazivua. Mashavuni amejipaka masizi. "Leo sisi sote ni watu wa jalalani! Mbona wewe umependeza hivyo? Hukusoma ujumbe wangu?"

"Niliusoma," Luding alisema. Aliusoma, akasonya, akavaa gauni lake la kanisani.

Chama chao cha vitabu kilikuwa na sheria mbili tu. Mwenye zamu anapika chakula kilichomo kitabuni, na sahani hairudi na kitu. Waliposoma kile cha mabaharia walikula samaki mkavu mpaka midomo ikachubuka, na wakasifia. Mwezi huu kilikuwa kitabu cha binti aliyelelewa kando ya jalala la Manila. Mabibi walikuwa wamekililia mpaka kurasa zikalowana. Ndani yake watu wanakula pagpag, yaani kuku waliobakizwa na wateja wa migahawa, wakatupwa, wakaokotwa kwenye mifuko ya taka, wakakung'utwa uchafu, wakaoshwa, wakachemshwa, wakakaangwa upya.

Luding hakulia. Alikisoma amejifungia chooni, na kila ukurasa alitaka kuutemea mate, maana alikuwa amekula chakula hicho mpaka ana miaka kumi na minne.

Hilo mabibi hawakulijua. Kwao Luding alikuwa binti wa wenye mashamba ya miwa huko Pampanga. Alilisema neno hilo siku yake ya kwanza chamani, miaka miwili iliyopita, kwa woga tu, na tangu hapo akaliongezea farasi na mjomba padri. Mumewe injinia ndiye aliyemleta kwenye mtaa huu wenye geti na walinzi, na ndani ya geti hilo watu wa Tondo, mtaa wa jalalani, huingia kufagia, si kukaa mezani. Tatizo lilikuwa mama yake. Mama Sabel ana miaka themanini na mmoja, anaishi kwa bintiye, visigino vimepasuka, meno ya mbele hana. Siku Zeny, mke wa daktari, alipopita nyumbani bila taarifa akamkuta bibi anachambua mboga barazani, Luding alijisikia akisema, "Huyo ni mfanyakazi wetu wa zamani."

Bibi aliinuka, akasema, "Karibu, madam," akaingia jikoni. Baadaye hakulalamika. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema, na hilo ndilo lililomchoma Luding kuliko matusi. Tangu siku ile, mvua ikinyesha siku ya chama, bibi humfuata na mwavuli na kupita mlango wa uani, kama wanavyopita watumishi wote.

Meza ya Baby ilitandikwa magazeti. Badala ya glasi kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyoshika kutu, na ndani ya makopo hayo mvinyo mwekundu. Zeny amejifunga kitambaa kichafu kichwani, anajipiga picha huku amebinua mdomo ili aonekane ana njaa. Khaa! Mwanamke ana videvu viwili! Luding alikaa karibu na Chona, mdogo wao kuliko wote, mwenye mimba ya miezi saba, ambaye angalau alionekana kuona haya.

"Dada Luding, mimi harufu inanishinda," Chona alinong'ona. "Nadhani ni huyu mtoto."

"Si mtoto," Luding alisema.

Sion, mpishi wa Baby, aliingia na sinia. Hakumtazama mtu. Aliliweka katikati ya magazeti akatoka mbio, na mabibi wakapiga makofi.

"Haya, kwa mikono!" Baby alisema. "Hakuna uma leo. Zeny, anza wewe mlafi."

"Nani mlafi? Mimi nina njaa ya kitabuni," Zeny akajibu, na wakacheka. Akachukua paja, akang'ata, akafumba macho. "Mmh! Jamani, kumbe maskini wanafaidi!"

Luding alichukua kipande ili wasimsemeshe, akakigeuza. Unga wa kukaangia ulikuwa mpya, mzuri, wa dhahabu. Lakini pembeni ulikuwa umebanduka, na chini yake nyama imemeguka kwa nusu duara, yenye vijishimo vilivyopangana. Mtu aliyashindilia meno pale, akashiba, akaacha. Mtu asiyejulikana, mwenye mafua au vidonda vya mdomo, nani ajuaye. Na mafuta ya mtu huyo na mate yake sasa yalikuwa kwenye vidole vya Luding.

Akili yake ikamwambia: nyamaza. Ukisema, watauliza umejuaje, na hakuna shamba la miwa linalofundisha mambo haya. Zeny anamaliza paja la pili, acha alimalize, tena linamfaa. Luding alikiweka kipande chake chini ya gazeti, akanywa mvinyo wenye ladha ya kutu.

Kisha Chona akabana pumzi na kuinua bawa.

Luding alimpiga mkono. Bawa likaruka, likaangukia kopo la Baby, mvinyo ukamwagika kwenye gunia lake.

"Luding! Una wazimu?"

"Usile, Chona. Hii ni ya kweli." Alinyoosha kile kipande alichokificha. "Tazameni. Meno haya."

Wote waliinama. Zeny aliacha kutafuna, shavu limevimba kwa tonge ambalo hakujua alipeleke wapi.

Wallahi, mtu angetegemea Baby aone aibu. Baby alipiga makofi! "Loo, umeniharibia! Nilitaka niwaambie wakati wa kahawa. Ndiyo, ni yenyewe! Dereva wangu ameifuata mpaka Tondo asubuhi. Mnadhani ningewapikia kuku wa dukani halafu tujidanganye? Mwandishi anatuambia tusigeuze uso! Na msiogope, Sion kaichemsha mara tatu, tena mara ya mwisho kwa maji ya chupa."

Zeny alikimbilia chungu cha maua ya okidi kilichokuwa dirishani, akatapikia humo mvinyo, kuku na vyote. "Mume wangu daktari, Baby!" alilia kati ya tapishi na tapishi. "Nikamwambie nini mimi? Kwamba nimekula mate ya watu?"

"Mwambie umeishi riwaya," Baby alisema, akijifuta gunia. "Na wewe Luding, macho gani hayo! Ama kweli watu wa mashambani mnaona."

Wakakubali. Hakuna aliyeuliza zaidi. Macho makali ya watu wa mashambani, basi, yakaisha. Luding alishusha pumzi kwa raha, na raha ile ilimkirihi kuliko lile sinia. Alikuwa amesalimika tena. Amekaa na watu waliovaa magunia kwa mchezo, na bado alitaka wamwite mwenzao.

"Basi tuitupe," Chona alisema, mkono tumboni.

"Kutupa?" Baby akashangaa. "Kitabu kizima kinalia kuhusu chakula kutupwa! Hapana. Itafungwa, watapewa watu wa kazi. Wao matumbo yao yamezoea. Tena Luding, yule bibi wako kashafika na mwavuli. Nimeagiza apewe sahani yake, yuko jikoni uani anakula."

"Afadhali mtu afaidi," Zeny alisema huku akijifuta mdomo, na wengine wakaitikia kwa vichwa, wamefarijika.

Luding hakujua aliinuka vipi. Alipita sebule, akapita jiko safi lisilopikiwa kitu, akasukuma mlango wa jiko la uani.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwavuli unachuruzika maji kando yake, sahani mapajani. Mkononi ameshika kisu kidogo cha Sion. Ukingoni mwa sahani alikuwa amepanga vipande vitatu vidogo vya nyama, vimekatwa kwa usafi, kila kimoja kina alama ya meno. Ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, akiwa amewapa watoto mgongo, ili kile kinachofika kwenye wali kiwe kuku tu. Sasa alikuwa anatafuna kwa fizi, polepole, macho yameangalia ukuta.

"Nimemkataza," Sion alisema kwenye sinki. "Nimemwambia bibi usile, hasikii."

"Mama, tema," Luding alisema.

"Shh! Punguza sauti." Bibi alimeza. "Mfanyakazi hakatai sahani ya madam. Nikikataa wataniuliza nimeitambuaje, halafu watakujua na wewe. Haina neno, mwanangu. Penye meno nimekata."

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. Baby alisimama pale na gunia lake lililolowa mvinyo, Chona begani kwake, na Zeny nyuma akitweta.

"Vipi, Luding?" Baby akauliza. "Mbona unamkatiza bibi wa watu chakula chake?"

Luding alichukua sahani kutoka mapajani, akaiweka mikononi mwa Baby. "Maliza wewe. Sheria ya chama, sahani hairudi na kitu."

Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya jiko la uani, na gauni la kanisani likaloa. Aliushika mkono wa mama yake, mkono wenye mafuta ya kuku yule yule, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake, jinsi mtoto anavyomwamkia mzazi katika kila nyumba ya mji huu. Hakuna madam amfanyiaye mtumishi wake hivyo, na wale watatu mlangoni walilijua hilo vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya kufika sebuleni.

Bibi alijaribu kuuvuta mkono. "We, Luding! Wanakuona!"

"Waone," Luding alisema, na hakuyafuta yale mafuta usoni.