Supu Yenye Hatari Ndogo

Jumatatu, katika ofisi moja mjini Ghent, mwanasheria Godelieve alibandika ukutani orodha ya mifumo yote ya akili mnemba ya kampuni, kila mmoja na daraja lake la hatari kisheria. Mfumo alioujenga Wannes, unaochambua maombi ya kazi, ulipata hatari kubwa. Ule alioujenga Lieselot, unaowashauri wafanyakazi supu ya mchana, ulipata hatari ndogo kabisa.

Lieselot aliisoma orodha mara tatu. Miaka miwili ya maisha yake, ndogo kabisa.

Tangu hapo Wannes akawa mtu wa kuitwa vikaoni. Akapewa mkaguzi wake, na kabati la nyaraka lenye kufuli. Ufunguo aliutundika shingoni, kama askofu.

"Niwie radhi, nawahi kikao," alimwambia Lieselot. "Unajua tena, sisi wa hatari kubwa."

"Sijui."

"Kweli, utajuaje? Haya, leo supu gani?"

"Ya nyanya, na vibonge vya nyama."

"Mungu atulinde," alisema Wannes, akaenda zake.

Roho ikamchoma Lieselot. Wiki nzima hakuonekana. Akauongezea mfumo wake kamera, ili umtazame mfanyakazi usoni, utambue kama ana huzuni au hasira, ndipo umchagulie supu. Akaingia kwa Godelieve kifua mbele.

"Nipandishe daraja."

Godelieve alisoma, akavua miwani. "Unasoma hisia za watu wakiwa kazini?"

"Zote. Hata wivu."

"Umepanda mno, mwenzangu. Hii si hatari kubwa, hii sheria imeipiga marufuku. Umeshaujaribu kwa nani?"

"Kwangu tu."

"Ukasemaje?"

Lieselot akatazama viatu vyake. "Ukaona wivu, ukanishauri ninywe maji."

"Uzime. Wote, sasa hivi, mbele yangu."

Akauzima. Miaka miwili ikazimika kwa kitufe kimoja.

Godelieve, mtu wa utaratibu, akaongeza mstari juu kabisa ya orodha: Marufuku, mfumo mmoja, wa Lieselot, umezimwa.

Wannes alisimama mbele ya mstari ule mpaka kikao chake kikaanza bila yeye.

"Uko peke yako huko juu?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Na ulifanyaje, hasa?"

Lieselot alimtazama usoni. Hakuhitaji kamera.