Msiba wa Mbega wa Plastiki

Boksi la mafuvu lilifika shule ya sekondari ya Hamwale, nyuma ya Itaka, kwa lori, juu ya magunia ya mahindi, mvua za Novemba 2009 zikiwa zimeanza. Lilikuwa limekwama Tunduma kwa sababu watu wa forodha walibishana kama walitoze ushuru wa mifupa au wa plastiki. Mwalimu Ketrina, wa baiolojia, aliyapanga mezani: la nyani, la tumbili, la mbega. Yote ya bandia, ya kufundishia meno na mataya.

Alikuwa akieleza habari za chonge wakati mbega hai walipoingia darasani kwa mstari, manyoya meupe ya mabegani yamelowa. Wanafunzi walisogea kuwapisha kwenye mabenchi. Jike mmoja mzee alilichukua lile fuvu la mbega, akapitisha kidole kwenye tundu dogo juu ya jicho.

"Ni mwanangu," alisema kwa Kinyiha cha zamani.

"Pole, mama. Ila hili ni plastiki. Limetengenezwa kiwandani."

"Walimwigiza nani?"

Ketrina alikuwa amedhani lile tundu ni kasoro ya kiwanda, na asubuhi nzima alikuwa akichomeka chaki humo. Aliona aibu.

Msiba ukawekwa maabara. Akina mama walileta makande. Mbega hawakuyagusa, wakakatiwa majani mabichi. Mchungaji aliuliza kama marehemu alibatizwa, akaambiwa hapana, akasali kwa kifupi.

Jioni alifika mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abrahamu. Alilipeleka fuvu dirishani penye mwanga.

"Huyu nilimpiga mimi kwa gobore," alisema, "tulipoanza kufyeka msitu wa kilimani nipande kahawa. Kuna mgeni alikuwa akinunua vichwa. Poleni sana wafiwa."

"Asante," waliitikia waombolezaji.

Ketrina aliwatazama mmoja mmoja, akingoja mtu aseme neno.

"Mwenyekiti, kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nimewahi kuja."

Wakazika nyuma ya bwalo. Abrahamu, kwa kuwa ndiye kiongozi, alitupa udongo wa kwanza, akahimiza mshikamano. Alipomaliza, mama mfiwa alimshika mkono.

"Miti iliyobaki nayo mnaikata, mzee. Tutalala wapi?"

"Njooni ofisini, mama, mkae foleni kama wananchi wengine."

Wakaenda. Wakakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, mikia imening'inia nyuma, huku misumeno ya injini ikinguruma kilimani. Ketrina huwapitishia majani akienda kazini, na kila siku inambidi aende mbali zaidi kuyapata. Mwenyekiti naye hufika, huwasalimia kwa adabu, akawaomba wainue miguu kidogo apate kupita.