Lenga Jikoni

Historia ya timu ya mpira ya shule yetu, ile iliyosomwa kwenye sherehe ya shule, ilikuwa imeogeshwa na kupakwa mafuta. Eti mafanikio yetu yalitokana na nidhamu. Nidhamu gani? Mimi ndiye mpishi wa shule, na dirisha la jiko langu linatazama uwanja. Yalitokana na mteremko.

Aliyetengeneza uwanja ule aliupima kwa jicho, na jicho lenyewe sidhani lilikuwa zima. Ulilala upande: juu jikoni kwangu, chini vyooni. Wageni walipiga mpira sawasawa langoni, nao ukajiendea zake vyooni. Kaka yangu, mwalimu wa michezo, aling'amua hilo mapema, akawafundisha vijana neno moja tu: "Lenga jikoni!" Unapiga kuelekea dirisha langu, mpira unapanda kidogo, unakata tamaa, unateremka hadi wavuni. Vijana walihitimu, wakaja wengine, wakarithi neno hilo pamoja na jezi.

Nyumbani hatukufungika. Ugenini, kwenye viwanja vya watu wenye akili zao, tulipigwa mpaka tukaonewa huruma. Ndiyo maana shule jirani walimbatiza kaka yangu Kocha Mteremko. Alicheka nao, lakini mimi nimekua naye nyumba moja, nakijua kicheko chake cha kweli na cha kuazima. Jina lile lilimchoma. Alitaka, kabla hajastaafu, kushinda mechi moja kwenye ardhi iliyo sawa, ajue kama kocha ni yeye au ni kilima.

Basi mkuu mpya wa shule, mama mwenye haraka zake, akaleta greda na kuusawazisha uwanja kwa ajili ya sherehe ile. Mechi ya siku hiyo, dhidi ya jirani haohao, ndiyo ingekuwa ya mwisho kwa kaka.

Mazoezi yakaanza, nami nikakiona cha mtema kuni. Vijana walilenga jikoni kama walivyofundishwa, na mpira, bila mteremko wa kuurudisha, ukaja jikoni kweli. Mmoja uliingia kwenye sufuria ya maharage.

"Kaka, waambie walenge goli!" nikamfokea, mpira unanichuruzikia mchuzi mkononi.

"Nawaambia, mdogo wangu. Miguu yao haisikii."

"Na mdomo wako je? Jana nimekusikia mwenyewe ukiwapigia kelele walenge jikoni."

Akainamisha kichwa. "Limenizoea hilo neno. Nikifungua mdomo tu, linatoka."

Siku ya mechi nilifunga dirisha. Mipira ikagonga mbao kipindi kizima cha pili, goli lao likiwa salama salimini. Sisi pia hatukufungwa, sijui kwa neema gani. Dakika za mwisho tukapata penalti. Kapteni akauweka mpira, kaka akafungua mdomo.

"Lenga jikoni!"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Jirani wakaangua kicheko. Kapteni akamtazama kocha, akatazama jiko, na mimi namjua mtoto yule: akiambiwa na kocha ajitupe kisimani, atauliza tu kisima kiko wapi.

Nikatoka mbio na mfuniko wa sufuria, aproni yangu kiunoni, nikasimama nyuma ya wavu, pembe ya upande wa vyooni. Nikaupiga mfuniko kwa mwiko.

"Jiko limehamia huku!"

Refa akanijia. "Mama, ondoka hapo."

"Niko nje ya uwanja, baba. Endelea na kazi yako."

Kapteni akalenga aproni yangu. Kipa wao, aliyezijua hadithi zetu zote, akajirusha upande wa jiko la matofali. Wavu ukanifuata puani.

Kaka hakuruka wala kupiga kelele. Alikuja taratibu akikanyagakanyaga nyasi kwa kisigino, kisha akakaa chini akalia.

"Pako sawa hapa," akasema.

"Pako sawa, kaka."

Maharage, bila shaka, yaliungua. Kaka, ambaye tangu utotoni hajawahi kukisifu chakula changu, alimaliza sahani akaomba nyingine.

"Ila lile goli ni lako, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Kwani aliyesema alenge jikoni ni nani?"

Akacheka hadi maharage yakampalia, nikampiga mgongoni. Kicheko kilikuwa kile cha kweli.