Jina Refu la Kwenda Magogoni

Ukipita Mtaa wa Msimbazi ukaona gari jekundu la ghorofa limetoa pua nje ya ua wa Natvarlal, refu kuliko nyumba zote za jirani, mshukuru mtu mmoja tu: mimi, Shaibu. Watu watakutajia majina mengine. Waache. Mimi ndiye niliyelala mbele ya lori, na katika Kariakoo nzima hajazaliwa mtu aliyeniona nikikimbia.

Basi lenyewe kwanza ulijue. Lilizaliwa Uingereza, mali ya halmashauri ya mji mmoja wa viwanda, likabeba wafanyakazi wa huko mpaka wakalichoka. Natvarlal, mwenye duka la vitambaa, akalinunua likaletwa kwa meli. Ubavuni bado lina nembo ya mji ule: simba wawili waliokonda wanagombania gurudumu. Juu ya kioo cha mbele kuna kitambaa cha kuzungusha chenye majina ya vituo vya hukohuko, na hakuna aliyejisumbua kukibadilisha. Dereva wake, Mjomba Mbaruku, aliweka utaratibu wake mwenyewe: jina refu, Magogoni, jina fupi, Ilala. Hata asiyejua kusoma alielewa. Akina mama walisimama kituoni wakilipima jina kwa macho kama wanavyopima kitambaa dukani.

Mimi, kwa kuwa sekondari nimefika, siku moja nililisoma. Jina refu maana yake ni Makaburi Mapya. Nikasimama ghorofa ya juu, nikawatangazia abiria kwamba miaka yote hiyo watu wa Magogoni wamekuwa wakipelekwa kuzikwa asubuhi na kurudishwa jioni. Bi Tatu, muuza vitumbua na kiongozi wa chama cha ngoma cha akina mama, akanigeukia.

"We Shaibu, Kiingereza chote hicho ulichosomeshwa, umekuta hilo tu?"

Mwaka wa hamsini na sita Natvarlal akalichoka naye. Linakunywa mafuta, linagonga matawi, na mabasi mapya yanalipita likiwa bado linakohoa kituoni. Akaliuza kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani walikate. Bati lake liwe majiko na taa, injini iende kuzungusha mashine ya kusaga. Lori la kulivuta lingekuja Jumamosi.

Jumamosi hiyo Mjomba Mbaruku alifika mapema kuliko muadhini, akapanda, akakaa nyuma ya usukani, akavuta breki ya mkono. Hakuiachia tena. Nilimkuta amekaa hivyo, kofia kichwani, vifungo vyote vimefungwa, kama mtu anayengoja abiria wake wa kila siku.

"Shikamoo, Mjomba. Unakwenda wapi na gari lisilo na mafuta?"

"Marahaba. Siendi. Nililipokea bandarini likiwa limefungwa kamba kama ng'ombe. Nikalifungua mimi, kwa mikono hii. Sitalitoa mikononi mwangu likiwa limefungwa kamba."

"Watakutoa."

"Wanitoe. Lakini kushuka, sishuki."

Akazungusha kitambaa mpaka likatokea jina refu. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Makaburi Mapya! Kumbe huu ni msiba. Na msiba kwetu Wazaramo hauendi mbio ukiwa na watani. Wanyamwezi ni watani wetu. Akifa Mzaramo, watalala mbele ya jeneza, watavaa nguo za marehemu, watamsema vibaya mpaka mfiwa mwenyewe acheke, na maiti haitoki ndani mpaka wapozwe kwa chochote kitu. Akifa wa kwao, tunawafanyia hayohayo. Kukasirika hakuna. Anayemkasirikia mtani ataaibika yeye na ukoo wake.

Lori likatokea. Mlangoni limeandikwa kwa rangi nyeupe: TABORA. Nikaona Mungu ananipenda. Tabora, Unyamwezini kwenyewe!

Nikajitupa chali mbele ya magurudumu, watu wakapiga kelele, lori likasimama.

"Watani wamefika!" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Mnyamwezi wewe, nani kakwambia uje kutuzikia? Babu yako alibeba meno ya tembo kutoka kwenu mpaka hapa pwani, shingo ikaingia kifuani haikurudi tena! Leo wewe umekuja kubeba basi? Haitoki maiti hapa! Mimi ndiye mtani, lete changu kwanza!"

Umati ukacheka. Dereva akashuka. Mrefu, mtaratibu, mkononi ana hendeli ya kuwashia lori.

"Umemaliza?"

"Bado! Sijafika kwa bibi yako."

"Mimi naitwa Tarsis. Mhaya wa Bukoba. Babu yangu hajawahi kubeba hata mwavuli wake mwenyewe. Lori ndilo la Tabora, nimelinunua na maandishi yake." Akaigeuza hendeli mkononi polepole. "Haya, endelea. Bibi yangu amefanya nini?"

Sasa fikiri. Utani na Mhaya hatuna. Maneno yaleyale ambayo kwa Mnyamwezi ni heshima, kwa huyu yalikuwa matusi matupu, mbele ya watu, na ya ukoo mzima. Nikaona ni busara kumwachia mwenzangu nafasi ya kupumua. Nikahamia ghorofa ya juu ya basi ili niyatazame mambo kwa upana. Waliosema nilikimbia hawajui tofauti ya kukimbia na kuwahi.

Nilikuwa bado natafuta pahali pazuri pa kutazamia niliposikia ngazi inalia. Bi Tatu huyo, na kapu lake la vitumbua, nyuma yake chama kizima cha ngoma. Kumbe walikuwa wamejipanga tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, wala hawakuniambia. Kila mmoja akakaa palepale alipozoea kukaa siku za harusi. Viti vikajaa. Bi Tatu akatoa kichwa dirishani.

"Haya, mwanangu, funga mnyororo wako! Twende wote Gerezani! Mkitaka kulikata, mtaanza na sisi, na mimi ni mgumu, nawaambia mapema!"

Wakaanza kuimba na kupiga bati la ubavuni kwa viganja. Chini nikasikia mnyororo unafungwa, kisha Tarsis anamwambia Mbaruku aachie breki.

"Siachii," akasema Mbaruku.

"Mzee, mimi nimetumwa."

"Na mimi sikutumwa. Nimekaa kwa hiari yangu. Sasa tuone."

Ngazi ikalia tena. Safari hii zilikuwa buti nzito. Nyimbo zikanyamaza.

"Shikamooni, mama zangu," akasema Tarsis.

"Marahaba," akajibu Bi Tatu. "Umekuja kutushusha?"

"Nimekuja kuwaomba."

"Anayeomba hukaa. Kaa hapo. Kula kitumbua."

Buti zikasogea, kiti cha mbele yangu kikalia. Kwa muda nikasikia mtu anatafuna. Halafu akacheka peke yake, sijui kwa nini, akasema, "Mimi niliagizwa chuma. Sikuagizwa wazazi."

Natvarlal akafika akihema, anauliza nani kafanya mkutano kwenye mali yake. Kabla hajajibiwa, mkewe, Taraben, akatoka uani na chombo cha chakula mkononi. Akampita mumewe, akapanda ngazi, na akina mama wakampokea kwa vigelegele.

"Karibu, shoga," akasema Bi Tatu. "Kiti chako nimekuwekea."

"Taraben!" Natvarlal akaita kutoka chini. "Shuka!"

"Sishuki."

"Basi nimeshaliuza!"

"Lilipofika ulinipandisha hapa wewe mwenyewe," Taraben akasema, wala hakupandisha sauti. "Ukaniambia, kaa juu, utaona mji wote. Mpaka siku ile mji nilikuwa nauona kwa dirisha la jikoni. Kila wiki nakaa hapa na Tatu tunakwenda kutazama bahari. Leo unauza dirisha langu wakate majiko? Majiko ninayo."

Umati ukalipuka. Natvarlal akangoja kelele zipungue, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na chakula cha mchana?"

"Kiko huku. Ukikitaka, panda."

Alisimama pale muda mrefu. Wauza ndizi walisahau ndizi zao. Mwishowe nikasikia ndara zake ngazini, moja moja. Alikaa, akala. Waliokuwa karibu na dirisha wanasema alitazama nje: mapaa ya soko, bonde la Jangwani, milingoti ya bandarini kwa mbali. Basi alilimiliki miaka yote hiyo, huko juu kwenyewe hakuwa amekaa tangu siku lilipofika.

"Tarsis," akasema, "fungua mnyororo wako. Mafundi wa Gerezani nitazungumza nao mwenyewe."

Mnyororo ukaanguka chini. Ndipo Mbaruku akaachia breki, akashuka, akaomba ndoo ya maji. Alianza kuosha wale simba waliokonda.

Tangu hapo basi linakaa uani kwa Natvarlal. Mbaruku analitunza, anakataza mtu kuipaka rangi nembo ile, na linatoka siku za harusi na za ngoma. Jumapili iliyopita lilitupeleka Magogoni kwenye harusi, jina refu limetundikwa mbele. Nilibahatika kukaa ghorofa ya juu na Hyasinta, binti anayesomea uuguzi, nikamsimulia habari hii kama nilivyokusimulia wewe, isipokuwa kwake lori lilikuwa kubwa zaidi na lilikuwa linakwenda.

"Na huyo dereva alifanya nini?" akauliza, macho yamemtoka.

"Alitetemeka. Mwili mzima."

"Kweli nilitetemeka," sauti ikasema nyuma yetu.

Nikageuka. Tarsis, ndani ya suti, ua kifuani, mgeni wa harusi kama sisi.

"Nilitetemeka kwa kicheko, dada. Nimekaa kwa adabu nakula kitumbua cha mama huyu, nainamisha kichwa, naona viatu viwili vimetokeza chini ya kiti chake. Vina mtu ndani. Cha kushoto soli imetoboka, imezibwa kwa gazeti."

Bi Tatu, viti viwili mbele, hakugeuka hata.

"Nilimtupia kanga," akasema, "lakini kijana mwenyewe mrefu. Ukifunika kichwa, miguu inatoka."

Hyasinta aliinama kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu. Nikauvuta mguu wa kushoto chini ya kiti, lakini lile gazeti lilikuwa limeshachungulia.