Ba Aliitikia Wimbo Gani

…na wala hiyo si rapu, hilo ni tangazo la sabuni lililovalishwa suruali pana, anawaza Khuê, sakafuni, mgongo kwenye kochi, shingo imepinda kwa sababu Má, mama yake, ameigeuza runinga iielekee madhabahu, Ba, baba yake, atazame vizuri, leo ni kumbukumbu ya kifo chake, siku ni yake, walio hai watajua la kufanya na shingo zao, na pale juu picha yake imezungushiwa karela chungu zilizojazwa nyama, nguruwe aliyepikwa na mayai mpaka akawa kahawia, glasi ya kahawa yenye maziwa mazito ya kopo, sigara moja inayojivuta yenyewe, na vijiti vya udi vimefika katikati, na mpaka viishe hakuna wa kugusa chakula, mfu hula kwanza, wazima humeza mate, hata Bác Nghiêm, rafiki wa Ba tangu jeshini, ambaye tumbo lake linanguruma kwa mdundo bora kuliko huo wa kwenye diski… kwa kweli bora, besi yake ina uzito… ametulia kitini, mikono mapajani, kama mtu aliyesubirishwa hospitali, na Má ameshika rimoti kwa mikono miwili kama kifaranga, anasema, "Tulieni, anakuja, huyu kijana akishazunguka tu, Ba anatokea," na Bác Nghiêm anauliza, "Anazunguka anatafuta nini, shemeji, kaangusha funguo?" na Cô Út, shangazi mtu, mdogo wa mwisho wa Ba, hacheki, maana Cô Út ana simu mkononi na kwenye simu kuna ujumbe wa watu wa kampuni inayotengeneza haya maonyesho ya muziki ya wakimbizi wa kwao, yanayouzwa kwa diski, wanataka jibu, binti anakuja kesho kwenye usaili au haji, na binti mwenyewe ni Khuê, mwenye shahada, mwenye tasnifu nzima juu ya hip hop, mwenye mwaka wa pili bila kazi, ambaye tangu utotoni, diski hizi zikiwashwa, alikuwa anatoka sebuleni kama mtu aliyesikia harufu ya gesi, na leo hawezi kutoka kwa sababu unamtokaje marehemu siku yake, huwezi, hata yeye hawezi, na ndiyo maana hii ni mara yake ya kwanza kuiona sehemu ambayo ukoo mzima unaijua kwa moyo, na huyo, Má anasema, huyo hapo, na kweli kijana amezunguka, kamera imemwacha imeingia ukumbini, na Ba yuko pale, suti ya kahawia ya harusi za watu, nywele zina mafuta, mzima, kichwa chake kinashuka, kinapanda, kinashuka, halafu kamera inamtupa kama ganda la njugu inarudi kwa kijana wa suruali, na Khuê anagundua kwamba amesimama kwa magoti na hajui alisimama lini.

"Mmeona?" anasema Má, "anaitikia," na Bác Nghiêm anasema, "Anasinzia, shemeji, mimi nilikuwa pembeni yake, bega langu lile lenye koti la kijivu, alitoka zamu akaja moja kwa moja, nilimpiga kiwiko mpaka kiwiko kikachoka," na Má, "Hujui usemalo, kaka Nghiêm, mtu akisinzia mdomo unafunguka, mimi ndiye niliyelala naye, wewe ulilala naye lini?" na Bác Nghiêm, kwa upole, "Jeshini, kwenye tope, na mdomo alikuwa anaufunga kwa sababu ya mbu," na Cô Út, "Mwacheni kaka yangu ale kwa amani, nyie, Khuê, niwaambie nini hawa watu?" lakini Khuê hayupo, Khuê yuko na kile kichwa, kinaitikia, kinaitikia nini, Ba haitikii rapu, Ba aliyelehemu vibao vya kompyuta usiku kucha na kurudi na macho mekundu, Ba wa nyimbo za bolero za wakati wa vita, mvua, barua, askari anayeaga lango la shule, Ba aliyewahi kusimama na ndala mlangoni pa chumba cha Khuê, spika ikiwa imefunguliwa mpaka kuta zinatetemeka, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki, "Hawa wanagombana na nani?" na yeye, na ulimi wake huu ambao mwalimu mmoja alisema utamfikisha mbali na umemfikisha sakafuni kwa mama yake, akajibu, "Na wewe," na Ba akaitazama spika, hakumtazama yeye, aliitazama spika kama mtu anayestahili heshima, akasema, "Basi waambie nimesikia," akafunga mlango taratibu, taratibu mno, na mpaka leo hajui ile ilikuwa hasira au dhihaka au ndiyo, je, ilikuwa ndiyo, mtu anasemaje ndiyo kwa mlango… na kijana wa kwenye runinga bado anachana mistari yake, mama uliyenilea, mama uliyevuka bahari, vina vya darasa la tatu, moshi wa jukwaani umemfika magotini, nyuma yake wasichana wanne wenye nguo za kumetameta wanachezesha mabega kwa namna ambayo Bronx, hip hop ilikozaliwa, ingewafungulia mashtaka, na Khuê ana maoni kuhusu hili, maoni ndicho kitu pekee anachozalisha tangu ahitimu, kwamba hip hop ni mtu asiye na kitu anayeongea kama mwenye nchi, na haya maonyesho ni watu walionyang'anywa nchi wanaoshonea shanga kwenye pengo, hip hop inakwambia nilipo, onyesho linakwambia tulipokuwa, moja linatazama mbele limekunja ngumi, jingine linatazama nyuma limeshika leso, ameyaandika haya, akapewa alama nzuri, mhadhiri akasema una sauti yako, na sauti yake haijalipa hata umeme… ila ngoja, ngoja kidogo, mtangazaji amepanda sasa, yule mwenye tai na maneno marefu, anauliza ukumbi, wa Cần Thơ mko wapi, na kona moja inapiga kelele, wa Mỹ Tho mko wapi, kona nyingine, wa Nha Trang, na ukumbi mzima wa watu wa makamo unapiga kelele kwa miji ya nchi waliyoikimbia, ambayo wengine hawajaikanyaga tangu wakiwa na meno yote, na hili Khuê analijua, analijua vizuri sana, hivi ndivyo mchanaji anavyoita mitaa yake kabla ya mstari wa kwanza, mashariki mko wapi, na mikufu ya dhahabu ni nini kama si nguo za kumetameta za wanaume, na kutaja marehemu wako katikati ya wimbo, na kulia juu ya mtaa usioweza kurudi, na kujisifu, na kualika rafiki aje ubeti wa pili, hapana, hapana, haiwezi kuwa kitu kimoja, mtu hasomi miaka minne aje kugundua amekuwa akimkimbia pacha wa kitu alichokuwa anakikimbilia, lazima kuna tofauti, tofauti ni ukweli, ndiyo, ukweli, hip hop haidanganyi na haya maonyesho yanadanganya mpaka kwenye… na hapo linamjia, lilikuwa limekaa kichwani wiki nzima kama mgeni asiye na haraka, kazi yenyewe, kazi anayoulizwa na Cô Út, kijana wa kampuni alimweleza kwa simu bila aibu, kazi ni kuchagua nyuso, dada, tunapiga picha za watazamaji jioni nzima, halafu mhariri anazipanga, wimbo wa huzuni ukikuta ukumbi mkavu unachukua aliyelia kwenye wimbo mwingine unambandika pale, kichekesho kikidoda unaleta cheko kutoka kwingine, machozi ni machozi, tunayo ya kutosha ghalani, na yeye akacheka, akamwambia huo ni uongo wenye taa, na kijana akajibu, "Ndiyo maana tunatafuta mtu mwenye jicho."

Kwa hiyo Ba amebandikwa, au hakubandikwa, yeye ndiye pekee humu ndani anayejua kwamba hilo linawezekana, Má hajui, Má kwa miaka yote ameamini kile kichwa na wimbo huo vilikuwa chumba kimoja wakati mmoja, na sasa Má anarudisha diski nyuma na inafanya ule mlio wa panya, na kijana anazunguka tena, hajapata funguo, na Ba, kinashuka, kinapanda, na Khuê anafanya anachokijua, anahesabu, masikio yake yamesomea hili, anaikamata ngoma, moja mbili tatu nne, anakitafuta kichwa cha Ba ndani yake, na kichwa hakimo, kinashuka pale ambapo ngoma haipo, kimechelewa, kinaburuta, huo ni mwendo wa bolero, ndiyo, polepole, ukimwekea ile bolero ya mvua na barua angekaa barabara, wamemnyofoa kwenye bolero wakamtupa humu, wezi… au ni mwendo wa usingizi, Bác Nghiêm ana haki, mtu wa zamu kichwa chake huanguka hivyo hivyo… au, na hili ndilo linalomfanya ashikilie ukingo wa kochi, wale wanaojua, wale wa kweli, hawaigongi ngoma usoni, wanakaa nyuma yake kidogo, wanaiacha ipite ndipo wanainama, vijana hufanya mazoezi miaka kupata uvivu ule, na Ba anao, au Ba ana usingizi, au Ba ana mvua na barua, vyote vitatu vina shingo moja… na ukienda huko kesho, anajiambia, kanda zenyewe zipo, kanda nzima ya jioni ile ambayo haijakatwa, utamwona amekaa, utajua alikuwa anasikiliza nini, utajua kabisa, na ukishajua utafanya nini na huo ujuzi, utamletea Má kwenye sahani, na je, ukikuta ni bolero, utakuwa umepoteza nini ambacho jana hukuwa nacho, maana jana hukujua hata kama alikuwa na shingo… wezi, anawaza tena, wamemkata baba yangu wakamweka juu ya ngoma isiyo yake, na sentensi inasimama katikati ya kichwa chake kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kwa sababu kumkata mtu na kumweka juu ya ngoma isiyo yake ndiko kulikomfanya aipende hip hop kwanza, ndiyo sura ya pili ya tasnifu yake, wale vijana wa Bronx walichukua santuri za wazazi wao, wakakata pumzi moja, kilio kimoja, kipande cha ngoma ambacho mwenyewe alikipiga akiwaza mambo mengine kabisa, wakakirudia na kukirudia mpaka kikawa na maana ambayo hakikuzaliwa nayo, na yeye aliandika, kwa fahari, kwamba hakuna anayepaswa kuuliza kipande kilitoka wapi, swali ni je, kimekaa, na sasa mhariri fulani asiyejulikana, amechoka, anakula mkate wenye nyama mbele ya mashine, amekipata kichwa cha fundi mmoja mwenye suti ya kahawia akakiweka hapo, na kimekaa, au hakijakaa, yeye hajui, anajua tu kwamba anataka kiwe ndivyo na anataka kisiwe ndivyo.

Má amesimamisha picha, na Ba amesimama nayo, kidevu kimeshuka, na hapo ndipo haiwezekani kabisa kujua chochote, mtu aliyeshusha kidevu ni mtu aliyeshusha kidevu, "Huyo ni mume wangu na anaitikia," anasema Má, "Huyo ni rafiki yangu na anakoroma," anasema Bác Nghiêm, "zima sauti utamsikia," na Má anamgeukia Khuê, na wote wanamgeukia, hata Cô Út ameshusha simu, na Má anasema, si kwa ugomvi, anasema kama mtu anayempelekea fundi redio yake, "Wewe ndiye uliyesomea hiyo miziki, tukakulipia, hebu isaidie nyumba hii, anaitikia au haitikii?" na jibu liko mdomoni, lina meno, jibu ni kwamba, Má, wanabandika, ile siyo lazima iwe ile, na litakuwa kweli, na yeye ndiye mtu wa ukweli, ameshawaambia kweli wanaume wawili, wahadhiri watatu na msimamizi wa duka la viatu aliyemfukuza, na anaitazama ile rimoti kwenye viganja vya Má, alama ya kurudisha nyuma imefutika kwa kubonyezwa, na anajisikia akisema, kwa sauti ambayo haikupewa alama na mtu, "Anaitikia nyuma kidogo ya mdundo, Má, wanaojua ndivyo wanavyofanya," na hajui kama amedanganya, hilo ndilo la ajabu, analipekua neno lake mwenyewe kama mfuko wa mgeni na haoni uongo wala haoni ukweli, na Bác Nghiêm anasema, "Basi hata usingizi wake ulikuwa na ustadi," na Má anamtandika paja kwa rimoti, na Cô Út, ambaye subira si kipaji chake, "Na hawa, Khuê? Niwaambie haji?" na yeye anasema, "Waambie nakuja," na Cô Út anaandika haraka kabla mtoto wa kaka yake hajageuka tena kuwa yeye, na Khuê hajui anakwenda kuitafuta ile kanda au kuhakikisha hakuna atakayeitafuta, anakwenda, ndicho alicho nacho, na udi bado uko katikati, au karibu na katikati, majivu yamejikunja hayajaanguka, nguruwe anapoa na mafuta yake yanaanza kuganda, na anasema, "Rudisha, Má, siyo hapo, toka mwanzo wa wimbo," na Má anamtazama kwanza, kisha anarudisha, panya wanalia, moshi unarudi jukwaani, kijana anaanza mama uliyenilea, mama uliyevuka bahari, na safari hii Khuê haisikilizi ngoma ya kijana, anasubiri, kidole kimoja juu ya sakafu, na Ba anapotokea anahesabu kuanzia kwake, kinashuka, moja, kinapanda, kinashuka, mbili, na wimbo wote uliobaki, na kijana na suruali yake, na wasichana wake wanne, wajipange wenyewe.